Hojaji 41, Siku Tatu Zimebaki

Mwezi wa tatu Mbeya, mvua haijakata, na hosteli moja baada ya nyingine utamkuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu amekaa kitandani na rundo la hojaji za utafiti wake mapajani. Tuseme huyu wetu alipanga kuhoji kaya 60 za wakulima wa viazi mviringo huko Umalila. Amepata 41. Msimamizi anataka kuiona sura ya nne ya ripoti, ile ya matokeo, Ijumaa, leo ni Jumanne. Pembeni yake zipo hojaji 19 tupu, kalamu mbili za wino tofauti, na mwenzake wa chumba anayemwambia, "Jaza tu, kwani nani hapiki?"

Kupika data, yaani kujitungia majibu, huzungumzwa kama suala la tabia: wapo waaminifu na wapo waongo, basi. Mimi naliona pia kama suala la akili. Data uliyopika haiwezi kukushangaza. Itarudisha kilekile ulichokuwa unakiamini kabla hujapanda gari pale Mbalizi, na kazi nzima ya utafiti ni kumpa mtu mwingine nafasi ya kukuonyesha kwamba ulikosea. Kwa hiyo anayejaza zile 19 anamdanganya msimamizi, sawa, lakini pia anajinyima somo lenyewe alilolipia ada.

Ila kumwambia mtu "usipike" hakumsaidii kitu usiku wa Jumanne. Kinachomsaidia ni kupiga hesabu, kwa sababu hofu yake imekaa juu ya namba ambayo hajawahi kuipima. Anaamini 41 ni kuanguka. Je, ni kweli?

Namba 60 ilitoka mahali. Wengi wetu hutumia kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli: idadi ya kaya zote, gawanya kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa kwa chenyewe. Kijiji kikiwa na kaya 150 zinazolima viazi, na kosa ukiliweka 0.1, unapata 150 gawanya kwa 2.5, yaani 60. Sasa igeuze kanuni hiyohiyo. Chukua 1 gawanya kwa 41, toa 1 gawanya kwa 150, kisha tafuta kipeuo cha pili. 0.0244 toa 0.0067 ni 0.0177, na kipeuo chake ni 0.133. Ndiyo tofauti yote iliyomkosesha usingizi: kosa limetoka asilimia 10 hadi 13.3. Kama nusu ya wahojiwa walisema wanatumia mbolea ya kupandia, badala ya kuandika kwamba kijiji kizima kipo kati ya asilimia 40 na 60, ataandika kati ya 37 na 63. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayemfelisha mtu kwa hilo.

Na tukiwa hapohapo, kanuni ya Yamane inadai kaya ziwe zimechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Ukipita barabarani ukagonga nyumba zilizo karibu na kituo cha bodaboda, hiyo 0.1 uliyoiandika sura ya tatu haina maana yoyote, hata ukirudi na hojaji 60 zilizojaa hadi ukurasa wa mwisho. Nasisitiza kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu waaminifu kabisa.

Swali zito kuliko "nimekosa ngapi" ni "nimekosa akina nani". Achukue daftari la kitongoji alilochagulia sampuli, azipange zile 19 kwa mahali na kwa sababu. Tuseme kaya 60 ziligawanyika hivi: 40 za kitongoji cha barabarani, 20 za kitongoji cha juu mlimani. Za barabarani amezipata 35. Mbili zilikataa, tatu zimehama. Za juu amezipata 6 tu. Tatu hakukuta mtu, na 11 hakuzifikia kabisa kwa sababu njia ilikuwa telezi na dereva wa bodaboda aligoma. Sasa tatizo limeonekana sura. Kitongoji cha juu kilikuwa theluthi ya sampuli. Kwenye data yake kimebaki kaya 6 kati ya 41, chini ya asilimia 15. Kila wastani atakaoutoa utakuwa wastani wa watu wa barabarani, wanaofikiwa na gari la mnunuzi na la pembejeo.

Jumatano na Alhamisi, basi, asizitumie kukusanya hojaji kumi za haraka barabarani. Bora apate tano za juu. Ampigie mwenyekiti wa kitongoji usiku huohuo, aulize nani watakuwepo nyumbani na saa ngapi watarudi kutoka shambani, avae buti, apande kwa miguu. Akirudi na tano ana jumla ya 46, kosa limeshuka hadi 12.3, na kitongoji cha juu kina kaya 11 kati ya 20. Huko huenda akasikia jambo ambalo kalamu ya hosteli isingeliandika kamwe, kwa mfano kwamba wengi wanauza viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei ya kukadiria kwa macho, kwa kuwa gari halifiki. Hilo likijitokeza, sura ya tano inabadilika yote.

Wale wawili waliokataa waachwe. Kukataa ni haki yao, na kuwarudia mara ya tatu ukiwa na mtendaji wa kijiji ni kuwalazimisha kwa heshima. Waliohama wanaweza kubadilishwa na kaya nyingine ikiwa tu utaratibu wa kubadilisha uliandikwa tangu mwanzo, kwa mfano "kaya inayofuata kwenye orodha". Ukiutunga leo, utajikuta unamchagua jirani anayependa kuongea.

Aya ya ripoti yenyewe ni fupi: "Kati ya kaya 60 zilizochaguliwa, 46 (asilimia 76.7) zilihojiwa. Kaya mbili zilikataa, tatu zilikuwa zimehama, na tisa za kitongoji cha juu hazikufikiwa kwa sababu ya hali ya njia au wenyeji kutokuwepo. Kwa hiyo matokeo yanawakilisha zaidi kaya zilizo karibu na barabara." Sentensi tatu. Msomaji anajua akuamini wapi na asikuamini wapi.

Kwa anayedhani kupika hakuonekani, ni vizuri ajue kunaonekana wapi. Mkulima akiulizwa alivuna magunia mangapi hukadiria kwa 10, 15, 20, 30. Data ya kweli ina vilima kwenye namba hizo. Mpishi wa data huogopa namba za duara, anaona zinafanana na uongo, kwa hiyo anajaza 17, 23, 37. Huogopa pia kurudia jibu, wakati watu halisi hurudia. Na hukosa wale wa pembeni: bibi aliyevuna sifuri kwa sababu ukungu uliunguza majani yote ndani ya siku chache, au mzee mwenye shamba kubwa kuliko wote kijijini. Majibu yake yote yamejibana katikati. Hakuna "sijui", hakuna swali lililorukwa, hakuna tope kwenye karatasi iliyodaiwa kujazwa mlimani wakati wa masika. Kama alitumia simu ni rahisi zaidi, maana programu za kukusanyia data huhifadhi saa ya kuanza na ya kumaliza, na mara nyingi mahali pia. Hojaji ya maswali 35 inayomchukua mkulima nusu saa, ikijazwa kwa dakika mbili, tena 19 mfululizo saa tano usiku, msimamizi hahitaji kuwa mpelelezi.

Sasa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kwa sababu hapa ndipo nimeona kazi za watu wema zikiharibika bila uongo wowote. Unauliza, "Ulivuna magunia mangapi?" Unajibiwa, "Arobaini." Unaandika 40, unazidisha kwa kilo 100, unapata tani 4. Lakini gunia lipi? Sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na kila mkulima wa Nyanda za Juu anajua kwamba viazi vingi hutoka shambani vikiwa na kilemba juu ya mdomo wa gunia, kimeshonewa kamba. Likiwa na kilo 130, arobaini zile ni kilo 5,200. Mavuno ya kweli yanazidi uliyoyaandika kwa asilimia 30, na wewe ulikuwa unakesha kwa ajili ya asilimia 3.3. Dawa yake ni kuuliza maswali mawili badala ya moja: gunia lilijazwa kwa madebe mangapi, na lilishonwa usawa wa mdomo au lumbesa. Kisha omba kupima magunia matatu kwenye mizani, ya kaya tatu tofauti, na uandike umepata nini.

Lumbesa inaleta mtihani wa pili. Mhojiwa amekuambia anauza kwa kipimo kisichoruhusiwa. Utaandika jina lake? Mwanafunzi mmoja atasema ukweli ni ukweli. Mwingine atalifuta jibu lote kwa huruma. Mimi nasema hakuna ulazima wa kuchagua kati ya hayo mawili, kama uliandaa karatasi zako mapema. Hojaji inabeba namba, tuseme J-07. Orodha inayoonyesha J-07 ni nani inakaa kwenye daftari jingine, isipakiwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na ichomwe kazi ikishapitishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelifanya jambo hili kuwa zaidi ya adabu. Halafu angalia maelezo yanayomtaja mtu bila jina. "Mwanamke, mjane, ekari 12, aliwahi kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji": Dar es Salaam hiyo haimtambulishi yeyote, lakini kijijini kila mtoto anamjua. Andika "mkulima mwenye shamba zaidi ya ekari 10", inatosha.

Ridhaa nayo hufanywa kama saini ya mapokezi ya barua. Karatasi ya ridhaa imeandikwa Kiingereza, mama anaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba, kazi imekwisha. Wakati huo yeye anawaza jambo lake: tangu wakulima walipoanza kuandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku msimu wa 2022/23, mgeni mwenye daftari na orodha ya majina ni mtu wa ruzuku. Atakupa ekari anazodhani zitamletea mifuko mingi. Hapo umemwacha na matumaini ya uongo, na umejipatia data ya uongo. Yote mawili yanatibiwa na maneno yaleyale, yasemwe polepole kabla ya swali la kwanza:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, najifunza kuhusu kilimo cha viazi. Siandikishi mbolea, na jina lako silipeleki ofisi yoyote. Nina maswali ya nusu saa hivi. Ukiona swali hulipendi tunaliruka, na ukichoka tunaacha, hakuna ubaya. Na mimi sina cha kukulipa. Tuendelee, au nije wakati mwingine?"

Hilo "au nije wakati mwingine" lina kazi kubwa. Watu wetu huona aibu kumkatalia mgeni usoni. Ukimpa njia ya kukataa bila kukataa, ataitumia, na utajua. Kama mwenyeji ni mzee anayekiongea Kimalila vizuri kuliko Kiswahili, tafuta mkalimani asiye na cheo. Mwenyekiti akitafsiri swali la "je, pembejeo zinagawiwa kwa haki?", utaletewa jibu la mwenyekiti.

Mtendaji akitaka kukaa kwenye mahojiano, usimfukuze. Umeingia kijijini kwake kwa barua aliyoipokea yeye. Nenda na mwenzako, mmoja akamwombe mtendaji mkapitie ratiba na takwimu za kijiji ofisini, mwingine aendelee na mahojiano shambani. Ikishindikana, weka alama juu ya hojaji, "alikuwepo mtu mwingine". Mwishoni linganisha majibu yenye alama na yasiyo nayo. Kama kaya 9 zilizohojiwa mbele ya kiongozi zote zinasifu ugawaji, na zilizobaki zimegawanyika nusu kwa nusu, umepata tokeo ambalo hukulitafuta.

Mtu akiniuliza akili ya namna hii inazoezwa wapi, nitamwambia aende Kalenga, si mbali na mji wa Iringa. Kwenye makumbusho pale limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejipiga risasi Julai 1898 asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Miaka ikapita mingi. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda kwenye makumbusho ya Bremen, yakachambuliwa mafuvu kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Chukua karatasi, chora safu tatu: kilichoshuhudiwa, kilichokisiwa, na kitu gani kingekufanya ubadili mawazo. Kwamba lipo tundu, limeshuhudiwa. Kwamba tundu hilo ni la risasi ya 1898, limekisiwa. Katika vita vya Wahehe na vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 walikufa kwa risasi watu wengi mno. Kwamba umbo la fuvu linalingana na la ukoo, limepimwa. Lakini uwiano wa upana na urefu wa kichwa huwa ni wa watu wengi kwa pamoja, hauchagui mmoja. Kwamba fuvu lilipelekwa Ujerumani, limeandikwa kwenye mkataba, na mkataba uliandikwa na washindi wa vita. Kisha uliza nani alihitaji jibu lipatikane mwaka ule, na alipata faida gani lilipopatikana. Kwa jinsi ninavyoupima, ushahidi huo unafaa kusema "huenda", haufiki "hakika".

Safu ya tatu ndiyo inayouma. Kipimo cha vinasaba hakikuwepo 1954, leo kipo. Je, lipimwe? Ukoo umelipokea, umeliheshimu, Wahehe wamejenga juu yake kumbukumbu ya babu aliyekataa kutawaliwa. Likikutwa silo, kuna mtu mwingine ambaye mifupa yake imekaa miaka yote hiyo kwenye kabati la kioo kwa jina lisilo lake, na kwao pengine walimlilia bila kaburi. Likikutwa ndilo, umeutoboa mfupa wa mzee wa watu kuthibitisha wanachokijua. Andika kila tokeo, na mbele yake nani ataumia na nani ana haki ya kuulizwa kwanza. Utaona jina la mtafiti haliko juu ya orodha. Fanya zoezi hilo na wenzako watatu wanaotofautiana nawe. Ukilifanya peke yako utaishia ulipoanzia.

Karatasi hiyohiyo ya safu tatu inafaa kwa mengine madogo. Rafiki anaomba data yako "aibadilishe kidogo": wewe utabaki na nini kazi zenu zikiwekwa pamoja mezani, na yeye atajibu nini akiulizwa njia ya kwenda kitongoji cha juu? Msaidie kupiga simu kwa mtendaji, data usimpe. Kusainiana mahudhurio sina cha kuongeza, kila mtu anajua jibu. Akili mnemba ikikuandikia mapitio ya machapisho, chukua rejeo moja baada ya jingine ulitafute kwa jina la makala, jarida, mwaka na kurasa. Lisilopatikana lifute pamoja na sentensi iliyolitegemea, maana programu hizo hutunga marejeo yanayofanana na ya kweli.

Ripoti ikishapita, bado kuna deni. Itakaa maktaba ya chuo kwa Kiingereza, na wale 46 waliokupa nusu saa kila mmoja hawataiona. Andika ukurasa mmoja wa A4 kwa Kiswahili chepesi: uliwauliza nini, walijibu nini kwa ujumla, usichokifahamu bado, na namba yako ya simu. Usiweke jina la mtu wala namba za hojaji. Toa nakala tatu. Moja mkabidhi mtendaji, moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na ya tatu ipande mlimani na mwenyekiti wa kitongoji cha juu, kwa sababu wa kule hawashuki ofisini mara kwa mara.